Mashine Isiyojua Kusoma

Mazungumzo yaliyotolewa Mwitongo, Butiama, kwa wanakisomo wa Musoma, Bunda na Butiama



Leo tumekutana hapa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, mahali alipozikwa mwezi wa Oktoba mwaka 1999. Katika mkoa huu elimu ya watu wazima si jambo geni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mikoa ya Ziwa, na Mara ikiwemo, ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuendesha kisomo chenye manufaa. Watu walijifunza kusoma huku wakijifunza kilimo bora cha pamba, afya na malezi. Wazee wengine mliopo hapa mlisoma chini ya mwembe, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina.

Sisi sote tumejifunza kusoma karatasi. Lakini siku hizi kumbukumbu zetu nyingi zimehama kutoka kwenye karatasi. Majina ya wakulima wa pamba, mihtasari ya mikutano, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, picha za harusi na za misiba, hata sauti za wazee wetu, vyote vimo ndani ya flashi, ndani ya kadi ya simu, au ndani ya diski ya kuchomeka kwenye kompyuta.

Basi siku moja unachukua flashi yako, unakwenda nayo kwenye kompyuta nyingine, unaichomeka, na kompyuta inakataa kuifungua. Jana ilifunguka kule, leo hapa haifunguki. Je, kumbukumbu zimepotea? Ufanye nini? Tena, ni jambo gani usilifanye hata kidogo? Hayo ndiyo tutakayozungumza leo.

BARUA HAIKUWA TUPU

Tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya kisomo. Barua inafika nyumbani kutoka kwa mtoto aliye Mwanza au Dar es Salaam. Unaifungua. Unaigeuza huku na huku. Huoni ila mistari na alama. Ulifanyaje? Uliichukua ukampelekea mtu anayejua kusoma, pengine mtoto wa jirani, pengine mwalimu. Akakusomea.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: "Mimi sijui kusoma, kwa hiyo barua hii haina kitu, naitupa motoni." Tulijua kwamba barua ina maneno. Upungufu ulikuwa kwetu sisi, si kwenye barua.

Sasa kompyuta haina busara hiyo. Ukiichomekea diski ambayo haijui kuisoma, mara nyingi huandika kwenye kioo chake maneno ya Kiingereza. Maneno hayo yanasema kwamba diski hii ni lazima ifomatiwe ndipo itumike. Kisha inakuonyesha vitufe viwili. Kimoja kinakubali, kingine kinakataa. Kile cha kukubali kimeandikwa herufi hizi: F, O, R, M, A, T. Kile cha kukataa kimeandikwa: C, A, N, C, E, L.

Ndugu zetu, yaandikeni maneno hayo mawili kwenye madaftari yenu, myajue kwa macho. Maana kompyuta inaposema hivyo, kwa Kiswahili chetu inasema: "Mimi sijui kusoma barua hii. Niruhusu niifute, ili niandike mambo mengine juu yake." Je, utamruhusu asiyejua kusoma afute barua yako? Hapana. Bonyeza kitufe cha kukataa, uchomoe diski yako, uiweke mfukoni. Hapo bado hujapoteza kitu.

GHALA NA DAFTARI LAKE

Sasa tueleze kwa nini mambo huwa hivyo. Fikirieni ghala la pamba la chama cha msingi. Ndani yake mna magunia mengi. Mlangoni yupo mtunza ghala na daftari lake. Daftari linaonyesha gunia la nani liko safu ya ngapi, na lina uzito gani. Ukifika kutafuta gunia lako, mtunza ghala hafungui magunia yote. Anatazama daftari, anakwenda moja kwa moja.

Diski nayo ni ghala. Faili zako ndizo magunia. Na mwanzoni mwa diski lipo daftari linaloonyesha kila faili imewekwa wapi. Utaratibu wa kupanga ghala na kuandika daftari hilo ndio unaoitwa fomati ya diski.

Tatizo ni kwamba hakuna daftari la namna moja. Mtunza ghala mmoja anaandika kwa safu, mwingine kwa namba, wa tatu ana alama zake mwenyewe. Mtunza ghala mgeni akilitazama daftari asilolifahamu, anaweza kusema ghala halina kitu. Kumbe magunia yamejaa hadi darini!

KWA NINI DAFTARI NI ZA NAMNA NYINGI?

Sababu ni kwamba kompyuta zilitengenezwa na makampuni mbalimbali, na kila kampuni ilibuni utaratibu wake.

Kampuni ya Microsoft ya Marekani ndiyo yenye mfumo wa Windows, ambao tunauona kwenye kompyuta nyingi za maofisini na madukani. Kampuni hiyo ilianza na daftari lililoitwa FAT, katika miaka ya 1970. Mwaka 1993 ilileta jingine liitwalo NTFS. Mwaka 1996 ilikuza lile la kwanza likawa FAT32. Mwaka 2006 ilileta la nne, exFAT.

Kampuni ya Apple, nayo ya Marekani, ndiyo yenye kompyuta ziitwazo Mac. Mwaka 1998 ilileta daftari lake liitwalo HFS+. Mwaka 2017 ilileta jingine jipya liitwalo APFS.

Upo na mfumo wa tatu, Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds. Mfumo huu hutolewa bure, na watu wa nchi nyingi hushirikiana kuutengeneza. Nao una madaftari yake. Moja linalotumika sana ni ext4, la mwaka 2008.

Msiogope herufi hizo. Hamhitaji kujua zimetokana na maneno gani. Yatosha kuzitambua, kama mnavyotambua namba za basi.

NANI ANASOMA LIPI?

Hapa ndipo pa kushika. Tutasema polepole.

FAT32 husomwa karibu na mashine zote: Windows, Mac, Linux, simu, televisheni, hata redio za kuchomeka flashi. Lakini lina kasoro moja. Halipokei faili moja iliyo kubwa kufikia gigabaiti 4. Ndiyo sababu mtu anataka kunakili video ya harusi kwenye flashi yenye nafasi tele, na kompyuta inakataa ikisema faili ni kubwa mno. Anashangaa: "Nafasi si ipo?" Nafasi ipo kweli, ila daftari halina namna ya kuandika gunia kubwa kiasi hicho.

NTFS husomwa na kuandikwa na Windows. Linux nayo hulimudu. Lakini Mac, kama haijaongezewa programu, hulisoma tu. Haiwezi kuandika juu yake. Unaweza kutoa kitu, huwezi kuweka. Tena simu nyingi na redio nyingi hazilisomi kabisa.

HFS+ na APFS husomwa na Mac. Windows haisomi hata moja kati ya hayo, mpaka iongezewe programu maalum. Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kama tutakavyoeleza.

ext4 husomwa na Linux. Kwa kawaida Windows na Mac haziwezi.

exFAT husomwa na kuandikwa na Windows na Mac, na simu nyingi za siku hizi. Linaweza kubeba faili kubwa kupita gigabaiti 4. Mwaka 2019 Microsoft ilitangaza wazi maelezo yake, na Linux ikaliingiza ndani ya mfumo wake. Kadi za kamera zinazozidi gigabaiti 32 huja zikiwa zimepangwa kwa exFAT. Lakini redio ya zamani au kompyuta ya zamani sana yaweza kulikataa.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "flashi yako ni mbovu", usikubali upesi. Muulize: "Ni mbovu, au mashine yako haisomi daftari lake?" Hayo ni mambo mawili tofauti. Ni kweli diski huweza kuugua. Waya huweza kulegea, flashi huweza kuingia maji, virusi huweza kuvuruga. Lakini hata mgonjwa hatibiwi kwa kuzikwa. Iwe ni ugonjwa, iwe ni lugha ngeni, jibu la kwanza ni lile lile: usifomati.

DISKI YA MAMA MMOJA

Tuwape mfano. Katika kikundi chetu yumo mama mmoja mjane. Mtoto wa dada yake alisoma ng'ambo, na huko alinunua kompyuta ya Mac. Aliporudi likizo alikaa na wazee, akawarekodi wakieleza habari za ukoo kwa Kizanaki: nani alimzaa nani, walihamia kutoka wapi, mahari ililipwaje zamani, wakati wa njaa watu walikula nini. Marehemu mume wa mama huyu alikuwa mmoja wa waliozungumza. Kijana aliporudi ng'ambo alimwachia mama diski yenye sauti zile. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Arobaini ilipokaribia, mama akataka wajukuu wasikie sauti ya babu yao. Akaichukua diski akaenda nayo mjini, kwenye duka moja la kompyuta. Kijana wa dukani akaichomeka. Kompyuta ya Windows ikatoa maneno yale yale tuliyoyasema. Kijana akamwambia: "Mama, diski hii haina kitu. Nikuifomati, ikuwekee nyimbo?"

Mama akamwuliza: "Wewe umeona kwamba haina kitu, au mashine yako ndiyo imesema?"

Kijana akajibu: "Mashine imesema."

"Basi nirudishie diski yangu," mama akasema. Akaifunga kwenye kitambaa akarudi nayo nyumbani.

Ndugu zetu, mama huyu hajui mambo ya NTFS wala APFS. Lakini alijua jambo moja. Alikaa miaka mingi bila kujua kusoma, na watu walimsomea karatasi vile walivyotaka wao. Kwa hiyo hakubali neno "hakuna kitu" mpaka aulize limetoka kwa nani.

Tulipopata habari tulitafuta mtu mwenye Mac. Alipatikana mwalimu mmoja aliyekuja kutembea. Diski ikachomekwa, ikafunguka mara moja. Sauti zote zilikuwamo. Mzee akasikika akikohoa kwanza, kisha akaanza kutaja majina ya ukoo, mmoja baada ya mwingine, na hapo nyumbani pakawa kimya. Kama kitufe kingebonyezwa kule dukani, majina yale yangepatikana wapi? Mwenyewe alikwisha kwenda.

MZIGO HUHAMISHWA KIDATU

Lakini kufungua peke yake hakutoshi. Mwalimu yule mgeni angeondoka na Mac yake, na mama angebaki na diski isiyosomeka hapa kijijini. Ilibidi sauti zihamishwe ziende kwenye diski ambayo mashine zote zinaisoma. Kuhamisha ndiko kukoje? Tutoke kidogo Mara twende mkoa wa Morogoro, kwenye reli.

Nchi yetu ina reli za upana mbalimbali. Reli ya Kati, ile inayofika Mwanza na Kigoma, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA iendayo Zambia, iliyokamilika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, karibu upana wa vidole vinne. Lakini kwa vidole vinne hivyo, behewa la reli hii haliwezi kutembea juu ya reli ile. Sasa ipo na reli ya kisasa ya SGR, yenye milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024.

Je, watu walibomoa reli moja kwa kuwa haifanani na nyingine? Hapana. Huko Kidatu, ambako Reli ya Kati na TAZARA hukutana, kipo kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo hutolewa kwenye behewa la reli moja, ukapakiwa kwenye behewa la reli nyingine. Mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni behewa.

Nasi tufanye hivyo na faili zetu. Hatubadilishi diski ya zamani papo hapo, maana kubadilisha fomati kwa kawaida hufuta vilivyomo. Tunatoa mzigo kwanza, tunaupakia kwenye diski nyingine.

NJIA NNE ZA KUHAMISHA

Njia ya kwanza ni kuirudisha diski kwenye mashine inayoisoma. Kama diski ilitoka kwenye Mac, tafuta Mac. Kama kadi ilitoka kwenye kamera, irudishe kwenye kamera ile ile. Hapo nenda na flashi nyingine iliyopangwa kwa exFAT, au FAT32 kama faili ni ndogo. Nakili kutoka ile kwenda hii. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo aliyoitumia mama yule.

Njia ya pili ni kupitisha kwenye mtandao. Kompyuta mbili zikizungumza kwa waya au kwa hewa, au faili ikitumwa kwa barua pepe au kwa simu, tofauti ya daftari haina shida tena. Kila mashine inasoma diski yake yenyewe, halafu inampa mwenzake yaliyomo. Ni kama mtu kukusomea barua kwa simu. Wewe huhitaji kuiona karatasi. Lakini kumbuka kwamba faili kubwa hula bando nyingi. Tena simu ikituma picha, mara nyingi huipunguza ubora. Kwa picha unazozithamini, tafuta njia nyingine.

Njia ya tatu ni kutumia Linux. Fundi anaweza kuiweka Linux kwenye flashi, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa Windows iliyomo ndani. Linux husoma NTFS, FAT32, exFAT, ext4, na hata HFS+ ya Mac. APFS bado ni ngumu kwake bila kuongezewa programu. Haya si mambo ya kujaribu peke yako siku ya kwanza. Mwombe anayejua, nawe kaa kando yake utazame.

Njia ya nne ni kuiongezea Windows programu ya kusomea diski za Mac. Programu hizo zipo, na nyingine ni za kulipia. Kama ofisi yenu hupokea diski za Mac mara kwa mara, yafaa kuulizia.

Tahadhari moja. Pengine diski inafunguka vizuri, majina ya faili yanaonekana, ila faili moja haichezi au picha haionekani. Hilo ni jambo jingine. Daftari limesomeka, lakini gunia lenyewe limefungwa kwa namna ambayo mashine yako haina programu ya kulifungua. Kwa mfano, tangu mwaka 2017 simu za iPhone nyingi huhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, na kompyuta nyingine haziwezi kuionyesha. Hapo tafuta programu, au mwombe mwenye simu aibadilishe iwe JPG. Diski haina kosa.

HESABU KABLA YA KUFUTA

Mkulima hapokei hela za pamba bila kuzihesabu. Na faili vivyo hivyo. Ukimaliza kunakili, fanya mambo matatu.

Kwanza, hesabu. Kule zilikuwa faili 84, je, huku nako ni 84? Pili, linganisha ukubwa. Tatu, fungua chache, za mwanzo, za katikati na za mwisho, usikilize au utazame. Kompyuta huonyesha jina la faili hata kama ndani imevunjika. Usiridhike na jina.

Halafu, usifute zile za kwanza. Acha angalau nakala mbili, na zisikae nyumba moja. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, nakala moja ibaki kwa jirani au ofisini.

Na unapotaka kuchomoa flashi, iambie kompyuta kwanza ndipo uchomoe. FAT32 na exFAT ni madaftari mepesi. Ukichomoa ghafla kompyuta ikiwa bado inaandika, daftari huweza kuharibika, na kesho yake utaletewa yale maneno ya kufomati.

KAMA IMESHAFOMATIWA

Pengine mtu hapa anasema moyoni: "Yangu imeshafomatiwa wiki iliyopita." Usikate tamaa upesi. Ipo fomati ya haraka, ambayo mara nyingi hufuta daftari tu. Magunia huwa bado yako ghalani, mpaka yawekwe mengine juu ya nafasi zao. Kwa hiyo acha kabisa kuitumia diski hiyo. Usiweke wimbo, usipige picha kwa kadi hiyo, usinakili hata faili moja. Mpelekee fundi mwenye programu ya kurejesha, umweleze yote yaliyotokea. Wakati mwingine hurudi zote, wakati mwingine nusu, na wakati mwingine hairudi hata moja. Lakini kila unachoandika juu yake kinapunguza tumaini.

TUKUBALIANE VIKUNDINI

Mwisho, tunaomba kila kikundi kikubaliane mambo manne.

La kwanza, flashi zote za kikundi zipangwe kwa daftari la namna moja. Sisi tunashauri exFAT. Kama mna mashine za zamani, tumieni FAT32. Zipangwe zikiwa mpya, kabla ya kuwekwa kitu.

La pili, kila flashi ibandikwe karatasi. Iandikwe kwa kalamu: ni ya nani, ina nini, tangu tarehe gani, imepangwa kwa daftari gani. Kisomo chetu kifanye kazi hapo. Flashi isiyo na maandishi ni kama chupa ya dawa isiyo na jina.

La tatu, asiwepo mtu mmoja peke yake mwenye ruhusa ya kufomati kifaa cha kikundi. Wawepo wawili, katibu na mjumbe mwingine, na wote waulizane: "Tumeshanakili? Tumeshahesabu?"

La nne, msitupe daftari la karatasi. Majina ya wanachama, akiba na mikopo yaandikwe pia kwa mkono, au yachapwe. Karatasi haina fomati. Haihitaji umeme wala programu. Inamhitaji mtu anayejua kusoma tu, na watu hao sasa ni sisi.

Ndugu zetu, yapo mengi kuhusu kompyuta ambayo bado tutajifunza, maana elimu haina mwisho. Lakini hili la leo mnaweza kulitumia hata kesho. Mashine ikisema haioni kitu, mwulizeni mwenye mashine kama inajua kusoma diski hiyo. Kama haijui, ikatalieni, mkatafute inayojua.

 Turudi nyumbani tukawaeleze wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kompyuta ikitaka kufomati diski yako, utabonyeza kitufe gani? Andika neno lake.
2. Kwa nini flashi yenye nafasi huweza kukataa video kubwa?
3. Je, Mac inaweza kuandika kwenye diski ya NTFS bila kuongezewa programu?
4. Baada ya kunakili faili, ni mambo gani matatu ya kufanya?
5. Katika kikundi chenu, nani hutunza flashi? Nakala ya pili iko wapi?